Divisheni ya Tatu ya pointi 14: kisa cha binti aliyeitwa Daktari kabla ya matokeo

Kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) mstari wake ulikuwa mfupi kama wa wenzake wote: namba ya mtahiniwa, F, 14, III, kisha masomo. Fizikia S, Kemia E, Baiolojia C, GS (Maarifa ya Jumla) D, BAM (Hisabati ya msingi) S. Mama yake, aliyeonyeshwa kwenye simu ya jirani, aliiona hiyo F ya mwanzo akaishiwa nguvu akidhani ni somo. Ikabidi aelezwe kuwa hiyo ni jinsia tu, mtahiniwa wa kike. Akashusha pumzi. Halafu akaelezwa zilizobaki.

Ilikuwa Julai 2023. Binti mwenyewe ameniruhusu niandike, kwa sharti kwamba jina lake, shule aliyosoma Kidato cha Tano na cha Sita, na kijiji chao visitajwe. Mimi nilimfundisha hadi Kidato cha Nne, na shuleni kwetu ndiye ninayeshughulika na malezi na unasihi, kwa hiyo alipokwama alirudi kwangu. Nawaandikia walimu wenzangu zaidi, na wazazi wenye watoto walioko kwenye tahasusi za sayansi. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba katika nyumba hii alama zenyewe hazikuleta madhara makubwa kama yaliyoletwa na haraka ya kuzifunika.

Alikoanzia

Kidato cha Nne alimaliza na Divisheni ya Kwanza ya pointi 15. Kiswahili A, Baiolojia, Kemia, Kiingereza na Uraia B, Fizikia na Jiografia C. Hisabati alipata D, na D hiyo ikawa mzaha wa nyumbani: kaka zake walimwambia asije akakosea kuwahesabia wagonjwa vidonge. Siku hiyohiyo ya matokeo mjomba wake, mwenye duka la pembejeo mjini na mlipaji wa michango yake mingi ya shule, alimpigia simu akamwita Daktari. Jina likakaa. Shangazi zake wakalishika, wanakwaya wenzake wakalishika, hadi vijana wa bodaboda pale njia panda. Tahasusi ikawa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, bila mjadala, maana udaktari bila Fizikia hauna mlango.

Dalili zilikuwepo tangu hapo. Kidato cha Nne C inaanzia alama 45 na kuishia 64. Kidato cha Sita, 60 ndiyo C, 50 ni D, 40 ni E, 35 ni S, na chini ya hapo ni F. Mwanafunzi mwenye 47 ya Fizikia anaondoka Kidato cha Nne na C inayomridhisha mzazi. Akipata 47 hiyohiyo miaka miwili baadaye, kwenye Fizikia iliyo ngumu kuliko ile ya kwanza, anaandikiwa E. Wazazi wachache sana wanalijua hili. Wanaona herufi, na herufi za mitihani yote miwili zinafanana kwa macho.

Na muda wenyewe si miaka miwili kama tunavyosema. Kidato cha Tano huripoti Julai, mtihani wa taifa ni Mei ya mwaka wa pili unaofuata. Toa likizo, toa wiki za mitihani ya ndani, inabaki kama mwaka na nusu wa kufundishwa, na kwenye PCB kila somo lina pepa yake ya vitendo. Binti aliniambia muhula mzima wa kwanza ulipita anajaribu kuelewa mwalimu wa Fizikia anaongelea nini, na kwamba maabara waliingia kwa nguvu pale tu mtihani ulipokaribia. Wenzake waliokuwa na vitabu vyao na tuisheni ya likizo walimwacha mapema. Alikuwa anakesha. Tatizo ni kwamba alikesha zaidi kwenye Baiolojia, ambako moyo ulikuwa unapata raha kidogo.

Mtihani wa utamilifu wa mkoa, ule wa majaribio kabla ya wa taifa, ulisema yote: Fizikia F, Kemia S, Baiolojia D. Wanafunzi wana msemo wao kwamba utamilifu hukazwa makusudi na NECTA huja laini, na yeye aliushikilia. Karatasi ile haikufika nyumbani. Hakuna aliyeificha kwa hila. Hakuna tu aliyeituma, naye hakuwa na sababu ya kujipeleka mwenyewe kwenye moto. Kwa hiyo Mei alipoingia chumba cha mtihani, yeye alikuwa anajua hali yake na ukoo mzima haujui. Tofauti hiyo ya ufahamu ndiyo iliyozaa mengi yaliyofuata.

Siku matokeo yalipotoka

Yalimkuta JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), kambini mkoani Tanga, pamoja na maelfu ya vijana wa mujibu wa sheria. Simu kule si kitu cha kushika ovyo. Alizipata habari usiku, kwa mwenzake aliyefanikiwa kuangaliziwa na ndugu yake, kwa kunong'onezwa: “Una thrii, ya 14.” Asubuhi yake alikimbia mchakamchaka na kuimba kama kawaida. Anasema aliimba kwa sauti kubwa kuliko siku zote.

Wakati huo nyumbani walikwishajua tangu mchana. Mjomba alikuwa ameituma namba yake ya mtihani kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wiki moja kabla, ili Daktari akitoka na wani yake wote washangilie kwa pamoja. Matokeo ya Kidato cha Sita yako wazi: mwenye namba anaona kila kitu, somo kwa somo. Baraza lenyewe Januari 2023 liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa, lakini koo nyingi bado zina kumi bora zao. Kundi lile, lenye watu kutoka Dar es Salaam hadi Muscat, lilikaa kimya tangu saa nane hadi magharibi. Kisha shangazi mmoja akatuma picha ya maua na maneno ya kumshukuru Mungu kwa yote. Binti aliyaona hayo yote kwa pamoja wiki nyingi baadaye, alipowasha simu yake kwenye basi akirudi. Ule ukimya wa alasiri, aliniambia, ulimuumiza kuliko neno lolote ambalo mtu angeandika.

Haraka

Sasa tumtazame mjomba, maana ni rahisi kumfanya mbaya wa kisa, na sikubaliani na usomaji huo. Huyu ni mtu aliyeishia darasa la saba, akajenga duka kwa mikono yake, na kila alichompa mpwa wake alikitoa kwa moyo. Lakini alikuwa amemtangaza, na matokeo yakamfikia kama deni linalodaiwa hadharani. Ndani ya wiki mbili alifanya mambo matatu.

La kwanza lilikuwa kutaka rufaa. Baraza linaruhusu rufaa, kwa ada ya kila somo. Rufaa ina maana pale matokeo yanapopingana na historia nzima ya mwanafunzi, kwa mfano aliyekuwa anapata B mfululizo akaonekana na F. Hapa utamilifu ulikuwa umeshasema F na S. Matokeo ya taifa yalikuwa afadhali kuliko utamilifu kwa kila somo la tahasusi. Mjomba hakuijua karatasi ya utamilifu, kwa hiyo hoja yake kwamba mtoto ameonewa ilikuwa na mantiki kwa kile alichokuwa anakijua. Hapa ndipo karatasi isiyofika nyumbani ilipoanza kudai gharama yake.

La pili lilitokana na pointi. Kwenye divisheni, A ni pointi 1 na F ni 7, kwa hiyo pointi chache ndiyo sifa. Kwenye vigezo vya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hesabu inageuka: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Ili kuomba shahada kwa matokeo ya Kidato cha Sita unahitaji prinsipo mbili, yaani masomo mawili yenye kuanzia A hadi E, zenye jumla isiyopungua pointi 4.0. Mjomba alisikia chuo kinataka 4 na mpwa wake ana 14, akaona amepita mara tatu. Nimesikia kosa hili kwa wazazi wengi, hata wenye elimu, na siwacheki. Anayebuni vipimo viwili vya jina moja vinavyokwenda pande tofauti asitegemee watu wasichanganyikiwe.

Ukweli ni kwamba Binti alikuwa amesimama ukingoni kabisa. C yake ya Baiolojia ilimpa 3, E ya Kemia ikampa 1, jumla 4.0 kamili. S ya Fizikia si prinsipo. Alikuwa na sifa ya kuingia chuo kikuu, lakini kwa kozi zinazokubali mbili zile, siyo kwa udaktari wala ufamasia, ambazo zinataka prinsipo tatu za Fizikia, Kemia na Baiolojia. Kwa udaktari kiwango cha chini ni pointi 6, na ushindani wa vyuo vya serikali huwapandisha waliochaguliwa mbali juu ya hapo.

La tatu ndilo lililoharibu. Dirisha la maombi lilipofunguliwa mjomba alikwenda steshenari, akamkabidhi kijana wa kompyuta namba ya mtihani, namba ya simu yake mwenyewe, na maelekezo: “Mtafutie chuo, chochote, ila kiwe digrii.” Kijana alijaza. Kijana wa steshenari ana foleni, hana muda wa kuuliza mtu ambaye hayupo anapenda nini. Majina yalipotoka Binti alikuwa amepata nafasi kwenye shahada ya ununuzi na ugavi. Kwenye kundi la ukoo maua yakarudi, safari hii na pongezi. Mama akaanza kuuza mchele akiba kwa ajili ya ada. Yeye mwenyewe alikuwa bado kambini anachimba mitaro.

Alipokuja kwangu

Alikuja Septemba, jioni, akiwa amekonda. “Shikamoo, Mwalimu.” Halafu kimya kirefu. Mwanafunzi huyu nilimjua tangu ana miaka 14, msemaji, mpenda kubishana juu ya majibu ya Baiolojia. Nilimpa chai, nikaacha akae.

Kilichokuwa kinamsumbua hakikuwa ununuzi na ugavi. Ni kozi nzuri yenye kazi zake, na nimewafundisha wawili wanaoishi nayo vizuri. Kilichomsumbua ni kwamba watu wote walikuwa wanafurahi na hakuna hata mmoja aliyemwambia pole. Aliporudi alikuta mjadala umeisha. Jina la Daktari lilikuwa limefutwa usiku mmoja, kila mtu akiepuka kulitaja, na kwa kuepuka huko akaona wanaona aibu naye. Alikuwa ameacha kwenda kwaya. Chakula alikuwa anasema ameshakula. Usiku hapati usingizi, mchana analala.

Nilimuuliza wazi kama amewahi kufikiria kujiua. Walimu wengi huliogopa swali hili wakidhani litamtia mtoto wazo. Halimtii, wanaofanya kazi ya afya ya akili wanashauri liulizwe hivyohivyo, bila kuzungukazunguka, maana anayebeba wazo hilo mara nyingi anasubiri mtu wa kumwuliza. Alinijibu kwamba hajafikiria kujiua, ila kuna asubuhi anatamani asingeamka. Jibu la namna hiyo halipuuzwi. Tulikubaliana, yeye akiwepo, kwamba nimwambie mama yake, kwamba alale chumba kimoja na dada yake kwa muda, na kwamba wiki ikipita bila nafuu tutakwenda pamoja hospitali ya wilaya kuonana na afisa ustawi wa jamii. Hatukufika huko, lakini mpango ulikuwepo na yeye alijua upo. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18 ipo pia namba ya bure 116.

Baada ya hapo nilimwambia kitu ambacho nadhani alikuwa anakihitaji: kwamba amefeli Fizikia. Kwa maneno hayo. Ametia bidii miaka miwili, alitaka kitu, na hakukipata, na ana haki ya kulia. Faraja tulizozoea, “Mungu ana makusudi yake”, “ungeweza kupata ziro”, “mbona fulani alipata foo na leo ana gari”, zote zinamwambia mtu huzuni yake ni utovu wa shukrani. Alilia. Alipomaliza akaniuliza, kwa sauti yake ya zamani ya kubisha, kama E ya Kemia ni kwa sababu ya pepa ya vitendo au nadharia. Nikajua tunaweza kuongea.

Kikao cha mkekani

Nilikwenda kwao Jumapili. Baba yake, mkulima wa mpunga, mtu wa maneno machache; mama; mjomba aliyekuja kutoka mjini; Binti; na mimi. Nilikuwa nimechukua karatasi mbili, ya matokeo ya Kidato cha Nne na ya Kidato cha Sita. Hili la kuchukua mbili ndilo jambo la kiufundi ninaloliona muhimu kuliko yote katika kisa hiki. Familia ilikuwa imeishika moja tu, ile inayouma, ilhali milango mingi ya baada ya Kidato cha Sita inafunguliwa na ile nyingine.

Nikawaeleza. Anaweza kwenda kwenye shahada aliyopata; nafasi ipo, atahitaji kuripoti. Anaweza kutafuta shahada nyingine inayochukua Baiolojia na Kemia, ualimu wa sayansi kwa mfano. Anaweza kurisiti Fizikia na Kemia Mei ijayo kama mtahiniwa wa kujitegemea, mwaka mzima nyumbani, akijitafutia mwenyewe tuisheni na maabara ya kufanyia vitendo. Na anaweza kuingia chuo cha afya, stashahada ya utabibu, miaka mitatu, kwa matokeo ya Kidato cha Nne, ambayo kwa kozi hiyo yanahitaji ufaulu wa masomo manne yakiwemo Baiolojia, Kemia na Fizikia. Anayo, na ziada.

Mjomba akasema stashahada ni kurudi nyuma. Mtu akishafika Kidato cha Sita ataombaje kwa cheti cha Kidato cha Nne? Si ni miaka miwili imetupwa? Na hao wa kuungaunga, wanaofikia digrii kwa kupitia stashahada, akasema, watu wanawajua.

Hapo tulikaa muda mrefu. Dharau kwa wa kuungaunga ipo, na niliikuta hata kwa walimu. Lakini tuipeleke kwenye hesabu. Kwa njia ya kurisiti, akifaulu: mwaka mmoja wa kurudia, mitano ya udaktari, mmoja wa mafunzo kazini. Saba. Kwa njia ya stashahada: mitatu, kisha mitano, kisha mmoja. Tisa. Tofauti ni miaka miwili, ila kwenye njia ya pili mwisho wa mwaka wa tatu ana taaluma mkononi, afisa tabibu anayeweza kuajiriwa na kupumua, na kwenye ile ya kwanza kila kitu kinategemea Fizikia iliyomgomea tayari mara mbili. Ili avuke kutoka stashahada ya utabibu kwenda udaktari atahitaji GPA, yaani wastani wa alama za chuo, isiyopungua 3.0, na pia matokeo ya Kidato cha Nne yenye angalau D kwenye Baiolojia, Kemia, Fizikia, Kiingereza na Hisabati.

Hisabati. Mama ndiye aliyeishika kwanza. “Ile D?” Ndiyo, ile D ya mizaha. Ingekuwa F, mlango huo ungekuwa umefungwa toka zamani na sisi hatujui. Kaka mmoja aliyekuwa amejiegemeza mlangoni aliona afadhali aende kuangalia mbuzi.

Ndipo baba alipoongea, kwa mara ya kwanza siku ile. “Shemeji, tunakushukuru kwa yote, na mbele ya Mwalimu nakushukuru. Lakini hivi, huyu mtoto, kuna siku aliulizwa?”

Mjomba hakujibu. Binti naye, alipogeukiwa, hakutoa hotuba yoyote. Alisema hajui kama anataka kuwa daktari. Anachojua ni kwamba akienda pale kituo cha afya cha kata anapenda kumwangalia yule dada afisa tabibu anavyowahoji wagonjwa, namna anavyouliza hadi anapata. Na yule, mama akaongezea, mbona kijiji kizima tunamwita dokta.

Ilivyokwenda

Hawakuamua siku ile, na nilifurahi. Wiki mbili baadaye mjomba alinipigia. Shahada ya ununuzi wataiacha. Ila aliomba kitu: mtoto ajaribu tena Fizikia na Kemia, mara moja, yeye atalipia tuisheni. Binti alikubali, nami nilidhani anakubali kwa ajili yake. Nilipomuuliza alisema hapana, anataka kujua kama angeweza akifundishwa vizuri. Hiyo ni sababu halali. Nilichosisitiza ni kwamba maombi ya stashahada ya mwaka unaofuata yatumwe mapema bila kusubiri matokeo ya Mei, kwa kuwa cheti cha Kidato cha Nne hakibadiliki kwa kusubiri. Awamu za vyuo vya afya za 2023 alikuwa ameshazikosa akiwa kambini, huku nyumbani wakishughulika na steshenari. Ndio mwaka uliokwenda na haraka.

Mwaka ule wa nyumbani haukuwa mtamu. Njia panda waliendelea kumwuliza chuo lini, na jibu lake likawa “nimerudi kujipanga”, mpaka wakachoka. Asubuhi alipima mchele sokoni na mama yake, mchana alipanda daladala kwenda mjini kwenye kituo cha tuisheni cha watahiniwa wa kujitegemea, chumba cha nyuma ya kinyozi chenye wanafunzi wa rika zote, mmoja wao askari, mwingine mama wa watoto wawili. Nadhani wale walimponya kuliko mimi. Kwa mara ya kwanza alikaa na watu ambao wote walikuwa na mstari wao kwenye tovuti, na walikuwa wanautaja kwa sauti, wakicheka: “Mimi nilikula F ya Kemia kama karanga.” Kwaya alirudi Krismasi.

Julai 2024 matokeo yalitoka. Namba safari hii aliijua yeye na mama yake tu. Kemia D. Fizikia S, ileile.

Nilitegemea simu ya kilio. Alinitumia ujumbe: “Mwalimu, Kemia imekubali. Fizikia basi, tumeachana kwa amani.” Wakati anauandika alikuwa tayari amechaguliwa chuo cha afya, stashahada ya utabibu, na alianza masomo mwaka huohuo. Ni chuo cha binafsi, ada yake inapita milioni moja kwa mwaka. Mjomba analipa nusu, mchele unalipa nusu.

Nikikisoma kisa hiki upya

Mtu anaweza kusema yote yangeepukika kama angechukua CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) badala ya PCB. Huenda. Jiografia ingemkalia vizuri kuliko Fizikia, na alama zake zingempa wigo mpana wa shahada. Lakini hilo lingehitaji mtu wa kumwuliza swali la baba yake miaka miwili mapema, na mimi sidhani kosa la tahasusi ndilo kiini. Wapo wengi wenye tahasusi sahihi wanaoangukia palepale.

Kiini nakiona kwenye zile wiki chache kati ya matokeo na kufungwa kwa dirisha. Ni kipindi kibaya kwa maamuzi: huzuni haijakaa, aibu iko juu, na ratiba za maombi hazisubiri mtu apone. Familia nyingi hufanya kama mjomba, zinachagua chochote kinachoweza kutangazwa. Wengine hufanya kinyume, zinamwacha mtoto “apumzike kwanza” hadi Oktoba, na milango inafungwa kimya. Kazi ya mwalimu au ndugu mwenye utulivu ni kutenganisha mambo hayo mawili. Maombi yatumwe kwa wakati, mengi kadiri inavyowezekana, kwenye ngazi zaidi ya moja, kwa namba ya simu ya mtoto mwenyewe na akiwa amekaa mbele ya kompyuta. Kutuma ombi hakumfungi mtu. Uamuzi wa kwenda au kutokwenda uje baadaye, pole ikishasemwa. Anayekuwa JKT apatiwe ndugu mmoja aliyemchagua yeye, aliyeachiwa orodha ya kozi aliyoiandika kabla hajaondoka. Shuleni kwetu tumeanza kuwaandikisha orodha hiyo wahitimu wetu wa zamani wanaopita kutusalimia kabla ya kuripoti kambini, na tunaiweka kwenye faili.

La utamilifu nalo. Kwa Kidato cha Nne chetu karatasi ile sasa inakabidhiwa mzazi mkononi, kwenye kikao, mtoto akiwepo. Baadhi ya wenzangu wanalalamika kwamba tunawavunja moyo wanafunzi wiki chache kabla ya mtihani. Mimi naona mwanafunzi anayejua peke yake kwamba anazama amevunjika moyo tayari, na tofauti ni kama yupo mtu mwingine anayejua.

Binti sasa yuko mwaka wa pili. Wanatumwa wodini, na anasema anachokipenda ni kuhoji. GPA ya mwaka wa kwanza ilipita 3.0. Nilipomwuliza kama atakwenda hadi shahada, alisema ataamua akimaliza, na kwamba mjomba ameshaanza kuuliza.